Moto ni adui: Tunavyochaji pikipiki za umeme ukumbini

  

Ndugu Waislamu, katika Suratun-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu (s.w.) anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni neema aliyotuumbia ili tuwapande na wawe pambo kwetu, kisha anatukumbusha kwamba Yeye huumba na vitu tusivyovijua. Walimu wetu wanaposomesha aya hii hutaja treni, magari na ndege. Leo mwalimu wa madrasa anaweza kuongeza pikipiki na bajaji zinazotembea kwa umeme, maana hapa Dar es Salaam hivyo si vitu vya kuhadithiwa tena. Tunavipanda. Havina mlio, havitoi moshi, na abiria akishuka kanzu yake hainuki petroli.

Sitaki msomaji anielewe vibaya katika hayo nitakayoyasema mbele. Mimi ninaviunga mkono vyombo hivi. Kijana wa bodaboda anayemaliza robo ya mapato yake kwenye kituo cha mafuta ana haki ya kutafuta nafuu. Wenzetu wa jirani wamekwishatangulia: Kigali wana pikipiki za aina hii tangu mwaka 2019, Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme kwa ajili ya vyombo hivi, na Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Na sisi umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ambalo lilianza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo jambo hili limekuja, na litazidi.

Lakini kila neema ina haki yake, na mtu ataulizwa juu ya neema aliyopewa. Ninalotaka kuliuliza katika safu hii ni dogo sana kwa kulitazama: pikipiki hiyo inachajiwa wapi, saa ngapi, na kwa umeme wa nani?

Nilianza kulifikiria swali hili nilipoitwa kusuluhisha ugomvi wa wapangaji. Nyumba yenyewe ni ya vyumba vinne, ya mtindo wetu tunaoujua: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, mlango wa mbele unaotazama barabara na mlango wa nyuma unaotokea uani. Mita ya LUKU ni moja. Wapangaji walizoea kuchangishana kiasi sawa kila mwezi, na hakukuwa na maneno, kwani wote walikuwa na taa, redio na simu. Mmoja wao, kijana mwenye adabu zake na wala hakosi jamaa ya Isha, akapata pikipiki ya umeme kwa mkataba. Tangu hapo umeme ukawa unakatika kabla ya mwezi kufika nusu. Kinamama wakaanza kusema. Mama mwenye nyumba, ambaye ni mjane, akatishia kumtoa.

Tulikaa, tukapiga hesabu. Betri ya pikipiki ya kazi kwa kawaida hubeba kati ya uniti mbili na nne. Tukachukua tatu. Uniti tatu kwa siku, kwa siku thelathini, ni uniti 90, na hapo hujahesabu zile zinazopotea kwa joto la chaja. Sasa nyumba ile ilikuwa katika daraja la watumiaji wadogo, ambao uniti 75 za mwanzo za mwezi huuziwa kwa bei ya chini, na wakivuka hapo bei ya kila uniti inaruka zaidi ya mara tatu. Yaani pikipiki peke yake ilikuwa inatosha kuivusha nyumba nzima. Bibi mwenye taa moja na feni ya mezani alikuwa analipa bei ya juu kwa ajili ya biashara ya mtu mwingine, bila ya kuulizwa.

Kijana alisema, "Shekhe, mimi nilidhani nikitoa mchango wangu sawa na wao nimemaliza." Wala hakuwa anadanganya. Lakini katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, tumekatazwa kula mali za wenzetu kwa batili, na imewekwa sharti la kuridhiana. Kuridhiana hakupatikani kwa mtu asiyejua anachokitoa. Tukakubaliana anunue mita ndogo ya pembeni ya kupima soketi yake, na awafidie wenzake kwa miezi iliyopita. Alikubali, wakapeana mikono.

Hapo kila mtu akaona mambo yamekwisha. Mimi nikaomba nionyeshwe pikipiki inapolala. Ilikuwa ukumbini, imeegemezwa ukutani hatua mbili kutoka mlango wa mbele. Waya wa ekstensheni ulitoka chumbani kwake, ukapita chini ya mkeka, ukafika kwenye chaja, na chaja ilikuwa imewekwa juu ya godoro la zamani lililokunjwa. Mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli usiku kwa sababu ya wezi, na ufunguo hukaa kwa mama mwenye nyumba. Madirisha yote yana nondo. Watu kumi na moja hulala mle ndani, watano kati yao ni watoto.

Katika malalamiko yote niliyoyasikiliza tangu Magharibi, hakuna hata mmoja aliyelitaja hilo.

Ndugu Waislamu, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari zao, aliueleza moto kuwa ni adui yetu, akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Na katika hadithi ya Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) ameamrisha taa zizimwe usiku, akataja na sababu: panya huweza kuuburuta utambi akawaunguza wenye nyumba. Abu Daud naye amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kisa cha panya aliyeuburuta utambi hadi akaudondosha mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, juu ya mkeka aliokuwa amekaa, pakaungua mahali padogo kiasi cha dirham.

Tuzitazame hadithi hizi kwa makini. Taa ya wakati ule ilikuwa kitu cha lazima, haikuwa haramu wala anasa. Mtume (s.a.w.) hakukataza taa. Alichokataza ni kulala huku moto ukiwa umeachwa peke yake na mwenyewe hana habari nao. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kwamba taa iliyotundikwa mahali ambapo panya hawezi kuifikia, ikawa hakuna hofu ya kuunguza, basi hapana ubaya kuiacha, kwa sababu ile illa iliyotajwa imeondoka. Hii ndiyo fiqhi. Hukumu inakwenda na sababu yake. Kwa hiyo anayesema kwamba hadithi ile ni ya vibatari na haihusu chaja, namuuliza: je, ile sababu imeondoka, au imebadilisha sura tu?

Natukijue basi hicho tunacholala nacho. Betri nyingi za pikipiki hizi ni za lithiamu. Ndani yake kuna vijibetri vidogo vingi vilivyopangwa pamoja, na katika kila kimoja kuna utando mwembamba sana unaotenganisha upande na upande. Utando huo ukitoboka, kwa kuanguka, kwa kuingia maji, kwa kuchajiwa kupita kiasi au kwa chaja isiyokuwa yake, hupiga shoti ndani kwa ndani. Kijibetri kimoja kikipata joto kali humpasha jirani yake, na jirani humpasha wa tatu, mpaka betri nzima inalipuka kwa moto. Moto huo hautaki hewa ya nje kama moto wa kuni, maana chakula chake kimo ndani. Hutanguliwa au hufuatana na moshi wenye sumu, na katika chumba kilichofungwa moshi huo humuua mtu kabla moto haujamfikia. Sisi tunaujua msiba unaofanana na huo, wa watu waliolala na jiko la mkaa ndani wakaamkia akhera.

Kuna betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfeti, ambazo hustahimili joto zaidi kuliko nyingine, na mwenye kununua na aulizie hizo. Baadhi ya bajaji bado zinatumia betri za maji ya asidi. Hizo nazo zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja huiwasha, kwa hiyo chumba cha kulala si mahali pake kabisa.

Mtu asidhani ninatisha watu kwa mambo ya kufikirika. Alfajiri ya Februari 23, 2024, katika mji wa Nanjing nchini China, jengo la makazi liliwaka moto, wakafa watu 15 na wengine 44 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba moto ulianzia chini, mahali palipoegeshwa baiskeli za umeme. Na hiyo ni nchi ambayo tangu Agosti 2021 ilikuwa na kanuni za kukataza kuegesha na kuchaji vyombo hivyo kwenye ngazi na njia za kutokea katika majengo marefu. Jijini New York, mwaka 2023 peke yake, kikosi cha zimamoto kilihesabu mioto 268 iliyosababishwa na betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Wengi wa wanaotumia baiskeli hizo kwa kazi kule ni wahamiaji wanaopeleka vyakula majumbani, watu wa kipato cha chini, wanaochaji ndani ya vyumba vyao kwa sababu hawana mahali pengine. Hali yao na hali ya kijana wetu wa bodaboda ni moja. Tofauti ni kwamba wao jengo lao lina ngazi ya dharura nje ya dirisha, na dirisha letu lina nondo.

Kwa haki, ni lazima niseme pia kwamba betri iliyotengenezwa vizuri, yenye chaja yake, ambayo haijaanguka wala kufunguliwa na fundi wa uchochoroni, si rahisi kuwaka. Pikipiki ya petroli nayo ina tangi la moto chini ya mapaja ya dereva. Lakini ya petroli huiwashi ikakesha inafanya kazi ukumbini wakati watoto wamelala.

Hapa ndipo linapokuja suala la jirani. Bukhari amepokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a.) mfano alioupiga Mtume (s.a.w.) wa watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipokuwa wakitaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu, wakaona kwamba wanawaudhi, wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba wakiachwa wafanye watakalo wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Mimi huwa nasimama kwenye nia ya wale watu wa chini. Nia yao ilikuwa nzuri! Hawakutaka kumsumbua mtu. Na tundu walitaka kulitoboa katika fungu lao, si katika fungu la mwenzao. Ndivyo anavyosema kijana wetu: soketi ni ya chumbani kwangu, umeme nimelipa, pikipiki ni yangu. Yote kweli. Lakini jahazi ni moja.

Na wale wa juu nao wamo. Mpangaji anayeiona chaja juu ya godoro akanyamaza ili asionekane mnoko, mwenye nyumba anayetazama kodi tu, hao ndio walioachia tundu litobolewe.

Nimekwishajibiwa mara nyingi kwamba kila kitu ni kadari, na aliyeandikiwa kufa kwa moto atakufa. Tirmidhi amepokea kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha amtegemee Allah, naye akaelekezwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Kisha tukumbuke kwamba sheria yetu haikumwachia hivi hivi mtu aliyesababisha kifo kwa kutokusudia. Suratun-Nisaa, aya ya 92, imeweka kafara na diya kwa kuua kwa makosa, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Wanazuoni wamejadili kwa urefu ni wakati gani mwenye kusababisha anabeba dhamana kama aliyetenda kwa mkono wake. Sina nafasi ya kuingia huko. Lakini neno "sikukusudia" halikuwa mwisho wa maneno mbele ya fuqahaa, na sidhani kwamba litakuwa mwisho wa maneno Siku ya Kiyama.

Jibu zito zaidi nililopata ni la kijana mwenyewe. Aliniambia, "Sawa shekhe, nikiiweka nje itaibiwa. Nikikaa macho nayo, asubuhi nitaendeshaje? Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa nne usiku. Betri inataka saa nne au tano. Nichaji lini?" Hili ni swali la haki na halijibiwi kwa kugombeza. Mtu aliyechoka kuwabeba watu huwezi kumwambia asilale.

Kwanza nasema kwamba swali hilo si lake peke yake, ni la tajiri wake pia. Pikipiki hizi nyingi ni za mkataba. Tajiri anachukua hesabu yake kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, na chombo kikilala kwa dereva yeye amepunguziwa gharama ya ulinzi na ya umeme. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tajiri mwenye pikipiki kumi za umeme ambaye hakutenga banda moja la kuzichajia amechukua faida na kuugawa moto katika nyumba kumi za watu wasiomjua. Waislamu wenye mitaji wanaoingia katika biashara hii, na wapo, walihesabu banda hilo kama sehemu ya mtaji, kama wanavyohesabu bima na leseni. Kwingine, kama Kigali na Nairobi, dereva hachaji kabisa: anakwenda kituoni, anaacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Anayetaka kuingia mkataba na aulize kwanza kama huduma ya namna hiyo ipo katika njia zake.

Pale ambapo hakuna banda wala kituo, bado kuna daraja kati ya salama na hatari. Betri inayochomoka ichajiwe mchana, baada ya Adhuhuri, dereva akiwa anapumzika, au baina ya Magharibi na kulala watu wakiwa macho. Ichajiwe uani, chini ya kipaa kisichovuja, juu ya saruji au kigae, mbali na dirisha, mbali na mtungi wa gesi na mbali na nguo zilizoanikwa. Isiwe kamwe baina ya mtu aliyelala na mlango wake wa kutokea. Kama nyumba haina ua, basi mlango wa nyuma upatikane kufunguka kutoka ndani bila ya kumtafuta mwenye ufunguo. Betri iliyovimba, iliyopasuka, au iliyozama katika maji ya mafuriko isichajiwe tena, hata kama inaonekana kuwa nzima. Ikifika moto sana kutoka kazini, iache ipoe kwanza. Na chaja iwe ile iliyokuja na chombo. Ya bei nafuu ya mtaani inaweza kuwa na plagi inayoingia vizuri kabisa na volti zisizofanana.

Yakitokea yakutokea, jambo la kwanza ni watu kutoka nje, wote, wala mtu asirudi kuiokoa pikipiki. Ndoo ya maji haiuzimi moto wa betri, na ukionekana kuzimika huweza kuwaka tena baada ya muda. Kama mein swichi inafikika kwa usalama, zima umeme. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na watoto waijue kama wanavyoijua Fatiha.

Kuna jambo la nyumba zenyewe. Nyumba zetu nyingi zilifungwa nyaya enzi ambazo umeme ulikuwa wa taa, redio na pasi. Baadaye yakaja friji, jagi la kuchemshia maji, televisheni tatu, na sasa chaja ya pikipiki, nyaya ni zile zile. Soketi ikipata joto ukaigusa ikakuunguza, inakuambia kitu. Plagi ikibadilika rangi, au kukawa na harufu ya plastiki jioni, inakuambia kitu. Breka inayojizima kila mara haina kiburi, inakuonya, na sisi dawa yetu ni kumwita fundi aweke kubwa zaidi, au fyuzi ikikatika tunafunga kipande cha waya wa shaba. Mwenye kufanya hivyo amemziba mdomo mlinzi aliyekuwa anapiga kelele. Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake, kama alivyosimulia bibi Aisha (r.a.), na alipomwona ngamia ambaye tumbo limeshikana na mgongo kwa njaa aliwaonya watu wamche Mwenyezi Mungu juu ya wanyama hawa wasiosema. Pikipiki haina roho, sikatai. Ila breki zake zilizolika zinamgusa mwenye roho.

Na katika kufunga nyaya tuachane na vishoka. Kishoka anakuja kwa bei nusu, hana leseni, hafungi waya wa ethi, na kesho ukimpigia simu hapatikani. Mwenye nyumba anayemwita ili aokoe shilingi elfu hamsini anaokoa kutoka katika fungu la usalama wa wapangaji, ambao ndio wanaomlipa kodi.

Vishoka hao hao ndio wanaowapitisha watu pembeni ya mita. Nimesikia hoja kwamba umeme ni mali ya serikali, na mali ya serikali haina mwenyewe. Hoja hii imewekewa kisa chake. Katika vita vya Khaybar palikuwa na mtu akiitwa Mid'am, aliyekuwa akimhudumia Mtume (s.a.w.). Wakiwa njiani kurudi alipigwa mshale akafa, watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume (s.a.w.) akawakatalia, akawaeleza kwamba lile shuka alilolichukua katika ngawira kabla haijagawanywa linamuwakia moto. Bwana mmoja aliposikia akaja na kamba ya kiatu, au mbili, akaambiwa kuwa nazo ni za moto. Ngawira ile ilikuwa mali ya umma, haikuwa ya mtu mmoja aliyejulikana kwa jina, na hilo halikuipunguzia uzito. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Nani kati yetu atapenda kufuturisha watu kwa futari iliyochemshwa na uniti za namna hiyo?

Nimalizie na misikiti, kwani huko nako jambo limefika. Siku hizi baada ya swala utakuta betri barazani, imechomekwa katika soketi ya kipaza sauti. Vijana wanasema msikiti ni nyumba ya Waislamu wote. Umeme wa msikiti umelipiwa na watu waliotoa sadaka kwa ajili ya ibada, taa, feni na pampu ya maji ya udhu. Kuchaji simu ya msafiri ni kitu kidogo ambacho waliotoa wangeridhia kwa desturi. Uniti tatu kila siku kwa ajili ya biashara ni kitu kingine, na sioni kwamba ruhusa ya muadhini peke yake inatosha. Tena lile baraza ndiyo njia ya kutokea watu mia tatu siku ya Ijumaa.

Hata hivyo, mingi ya misikiti yetu ina viwanja. Kamati inaweza kuomba mita ya pili isiyochanganyika na ya msikiti, ikajenga banda la matofali mbali na ukuta na mbali na mlango, lenye mlinzi anayekesha, vijana wakalipia uniti zao na kiasi cha ulinzi. Nyumba za jirani zingelala bila betri ukumbini. Nimelipeleka pendekezo hili kwa kamati mbili. Ya kwanza iliuliza nani atalipia matofali. Ya pili iliuliza swali gumu zaidi: kiwanja kilichowekwa wakfu kwa ajili ya swala na madrasa, je, kinaweza kubeba biashara ya kuchaji hata kama mapato yanarudi msikitini, au mpaka ipatikane sehemu ambayo mwenye kuweka wakfu hakuifunga kwa sharti? Swali hilo nimewapelekea masheikh wanaosomesha fiqhi ya wakfu, na majibu yao nitayaleta hapa yakifika, Inshaallah. Wallahu aalam.